Kutabiri kwa uwezekano na uwiano: sehemu inatoka wapi, na jibu linabeba uhakika kiasi gani

Swali la kwanza la mada hii huwa jepesi. Dadu yenye pande sita inarushwa mara 600. Namba 3 au 6 itatokea mara ngapi? Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri anaona pande mbili kati ya sita, yaani theluthi moja, anachukua theluthi ya 600, anaandika 200 na kuendelea na swali la pili. Hesabu yake haina kosa. Lakini mwulize: "Kwa hiyo nikiirusha kweli mara 600, nitapata 200?" Wengi watajibu ndiyo bila kusita. Ukweli ni kwamba uwezekano wa kupata 200 kamili, si 199 wala 201, ni chini ya 4 katika 100. Namba iliyo bora kuliko zote kwa utabiri huo ni namba ambayo, mara nyingi sana, haitatokea.

Hapo ndipo mada hii inapowachanganya wanafunzi wa miaka 12 hadi 14 kuliko walimu wengi wanavyodhani. Tangu waanze shule, jibu la hesabu limekuwa ama sahihi ama si sahihi. Saba mara nane ni 56 leo na kesho. Sasa wanapewa kuzidisha kwa aina ile ile, wanapata namba moja iliyonyooka, kisha wanaambiwa kwamba namba hiyo ni kitovu tu na mambo halisi yatatua kandokando yake. Vitabu vingi haviwasaidii, kwa sababu hupita juu juu kwenye maswali mawili yenye uzito: ile sehemu tuliyoizidisha imetoka wapi, na matokeo halisi yanaweza kuangukia umbali gani kutoka kwenye namba tuliyoiandika.

Kuzidisha kwenyewe

Hili ni fupi, basi tulimalize. Chukua mfuko wenye vipira vya rangi mbalimbali ambao ndani yake hakuonekani. Unachomoa kipira kimoja, unaandika rangi yake, unakirudisha, unatikisa mfuko, unachomoa tena. Umefanya hivyo mara 50 na nyekundu imetokea mara 20. Ukifanya mara 300, utarajie nyekundu ngapi?

Uwiano ni ule ule: 20 kwa 50 ni kama namba fulani kwa 300. Unaweza kuona kwamba 300 ni 50 mara sita, ukazidisha 20 kwa sita na kupata 120. Unaweza kugawa 20 kwa 50 ukapata 0.4, kisha ukachukua 0.4 ya 300. Unaweza pia kuzidisha kwa kukingama: 20 mara 300 ni 6,000, gawa kwa 50, unapata 120. Njia zote zinafika palepale, lakini mimi naipendelea ile ya katikati, tena sana. Ile 0.4 ni makadirio yetu ya uwezekano wenyewe. Inatuambia kitu kuhusu mfuko. Kuzidisha kwa kukingama kunampa mwanafunzi jibu bila kumlazimisha hata mara moja kuutazama mfuko.

Makosa yanayojirudia hapa ni mawili. La kwanza ni kujumlisha mahali pa kuzidisha: "Kutoka 50 hadi 300 zimeongezeka 250, basi na nyekundu ziongezeke 250, ziwe 270." Usimkatalie tu, mwambie arudishe jibu lake kuwa sehemu. Nyekundu 270 kati ya 300 ni asilimia 90, ilhali mfuko ule ule ulikuwa ukitoa asilimia 40. Je, mfuko umebadilika? La pili ni kupindua upande mmoja wa uwiano, ambako kunaleta nyekundu 750 katika majaribio 300. Kosa hilo hujifichua lenyewe ukiwa na mazoea ya kuuliza kama jibu limezidi idadi ya majaribio.

Sehemu inayotokana na kuorodhesha

Kwenye dadu hatukurusha chochote kabla ya kutabiri. Tulihesabu pande: sita kwa jumla, mbili tunazozitaka. Huu ni uwezekano wa nadharia, na unasimama juu ya sharti moja ambalo husemwa haraka mno, kwamba kila tokeo kwenye orodha lina nafasi sawa na jingine. Sharti hilo likivunjika, kuzidisha kote kunakofuata ni bure.

Si wanafunzi peke yao wanaoteleza hapa. Jean le Rond d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa katika karne ya 18, aliandika mwaka 1754 ndani ya Encyclopédie, kamusi elezo kubwa ya Kifaransa, kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni theluthi mbili. Hoja yake ilikuwa hivi: kichwa kikitokea kwenye mrusho wa kwanza, shughuli imekwisha, hakuna haja ya kurusha tena. Kisipotokea, unarusha mara ya pili, na hapo kuna mawili: kichwa, au upande wa nyuma. Kwa hiyo kuna matokeo matatu, na mawili kati yake ni mazuri. Inasikika vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba matokeo hayo matatu hayana nafasi sawa. "Kichwa kwenye mrusho wa kwanza" peke yake kinachukua nusu nzima. Mengine mawili yanagawana nusu iliyobaki, robo kwa robo. Ukiorodhesha jozi zote za mirusho miwili, zenye nafasi sawa, unapata nne: kichwa-kichwa, kichwa-nyuma, nyuma-kichwa, nyuma-nyuma. Tatu kati ya nne zina kichwa. Jibu ni robo tatu.

Uzuri wa utabiri ni kwamba unaweza kuamua ugomvi kama huu. Wanafunzi 40, kila mmoja akirusha jozi 10, wanakamilisha jozi 400 ndani ya dakika chache. Theluthi mbili inatabiri jozi 267 hivi zenye kichwa; robo tatu inatabiri 300. Zikihesabiwa zikawa 296, kila mtu ataona ni upande gani una haki, ingawa hata 300 yenyewe haikutokea. Nitarudi kwenye swali la kwa nini 296 inakubalika kuwa "karibu na 300" na haikubaliki kuwa "karibu na 267".

Mtego huohuo umo kwenye dadu mbili. Jumla zinaanzia 2 hadi 12, kwa hiyo ni 11, na mwanafunzi hushawishika kusema kila jumla ina uwezekano wa 1 kwa 11. Lakini orodha yenye nafasi sawa ni ile ya jozi 36. Jumla ya 7 inapatikana kwa jozi sita, jumla ya 12 kwa jozi moja tu. Katika mirusho 360 tunatarajia 7 ijitokeze karibu mara 60 na 12 karibu mara 10. Kwa aliyedhani kila jumla itatokea mara 33 hivi, jedwali la mirusho hiyo litaonekana kama limeharibika.

Sehemu inayotokana na majaribio

Kuna vitu ambavyo hakuna orodha ya kuhesabu. Ile pini ndogo ya kubandikia karatasi ukutani, yenye kichwa bapa, ukiiangusha mezani italala ubavu au itasimama na ncha juu. Matokeo ni mawili, na hakuna sababu yoyote ya kusema ni nusu kwa nusu. Huna budi kuiangusha mara nyingi na kuhesabu, na sehemu utakayoipata ndiyo makadirio yako ya uwezekano. Ule mfuko wa vipira ulikuwa wa aina hii pia.

Hata dadu, ambayo inaonekana kuwa mali halali ya nadharia, haiko salama. Mwaka 1894 mwanabiolojia wa Uingereza, Raphael Weldon, alikuwa na matokeo ya mirusho 26,306 ya dadu 12 kwa pamoja, yaani dadu 315,672 zilizosomwa moja moja. Nadharia inasema 5 au 6 itokee kwenye theluthi, nayo ni 105,224. Zilitokea 106,602. Tofauti ni 1,378, na ukiitazama kama sehemu ni ndogo mno: 0.3377 badala ya 0.3333. Maelezo yanayotolewa ni kwamba vidoti vya dadu za kawaida huchimbwa, kwa hiyo upande wenye vidoti vingi umepunguzwa uzito kidogo, na upande mwepesi huelekea kutazama juu. Dadu zile hazikuwa na pande zenye nafasi sawa kabisa. Ila swali la haki ni hili: tunajuaje kwamba 1,378 si bahati tu?

Kabla ya kulijibu, mfano mmoja ambao mimi siuachi kamwe, kwa kuwa unaunganisha orodha na majaribio. Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza urithi kwenye mimea, katika makala aliyoichapisha mwaka 1866, alieleza mbegu za njegere alizozivuna kutoka mimea chotara. Kila mmea chotara ulikuwa na kirithi (chembe inayorithisha sifa) cha mbegu ya mviringo na kirithi cha mbegu iliyokunjamana, na kila mbegu mpya hupokea kirithi kimoja kutoka upande wa kike na kimoja kutoka upande wa kiume. Ikiwa kirithi cha mviringo kimo hata mara moja, mbegu inakuwa ya mviringo. Andika jozi: mviringo-mviringo, mviringo-kunjo, kunjo-mviringo, kunjo-kunjo. Ni orodha ileile ya sarafu mbili, na swali ni lilelile la d'Alembert: angalau mara moja. Robo tatu. Mendel alihesabu mbegu 7,324. Robo tatu yake ni 5,493. Za mviringo zilikuwa 5,474, pungufu kwa 19.

Umbali kutoka kitovu

Sasa tufike kwenye kiini. Rusha sarafu mara 2: nafasi ya kupata kichwa kimoja kamili ni nusu. Rusha mara 4: kuna matokeo 16, na sita kati yake yana vichwa viwili, yaani asilimia 37.5. Mara 10: matokeo 252 kati ya 1,024 yana vichwa vitano, karibu asilimia 25. Mara 200: nafasi ya kupata vichwa 100 kamili imeshuka chini ya asilimia 6. Kadiri unavyorusha zaidi, ndivyo nafasi ya kuangukia nusu kamili inavyozidi kupungua. Mwanafunzi makini akiliona hili atauliza swali la haki kabisa: mbona basi mnatuambia majaribio mengi hufanya utabiri uwe bora?

Jibu liko kwenye kutofautisha umbali wa aina mbili. Upo umbali wa idadi: vichwa vimepita au vimepungukiwa na nusu kwa vingapi. Na upo umbali wa sehemu: asilimia ya vichwa imepishana na 50 kwa kiasi gani. Wa kwanza kwa kawaida hukua majaribio yanapoongezeka. Wa pili husinyaa. John Kerrich, mwanahisabati aliyekuwa akifundisha Afrika Kusini, alijikuta Denmark wakati Ujerumani ilipoivamia mwaka 1940 na akawekwa kizuizini. Humo alirusha sarafu mara 10,000 na kuandika kila tokeo. Katika mirusho 10 ya mwanzo alipata vichwa 4. Kufikia 100 alikuwa na 44. Kufikia 10,000 alikuwa na 5,067. Tazama umbali wa idadi: 1, kisha 6, kisha 67, unapanda. Sasa tazama asilimia: 40, kisha 44, kisha 50.67. Mtu anayesema utabiri wa mwisho ndio mbaya kuliko yote na mtu anayesema ndio bora kuliko yote wanazungumzia umbali tofauti, na kwa mambo ya uwezekano ule wa sehemu ndio tunaoutaka. Mwanahisabati Jacob Bernoulli alithibitisha kwa hesabu kwamba sehemu inakaribia uwezekano wa kweli majaribio yakizidi. Uthibitisho huo ulichapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake.

Je, umbali wa idadi unakua kwa kasi gani? Kuna kanuni ya mkono, yaani ya kukadiria haraka, ambayo ningependa kila darasa liipate, kwa sababu haihitaji zaidi ya kipeuo cha pili. Kwa sarafu, vichwa vitakuwa ndani ya kipeuo cha pili cha idadi ya mirusho, juu au chini ya nusu, karibu mara 95 katika 100. Mirusho 100, kipeuo chake ni 10: tarajia vichwa kati ya 40 na 60. Mirusho 10,000, kipeuo chake ni 100: tarajia kati ya 4,900 na 5,100, na 5,067 ya Kerrich imo ndani. Uwezekano ukiwa mwingine na si nusu, mtawanyiko, yaani jinsi matokeo yanavyosambaa kandokando ya kitovu, huwa mdogo zaidi ya hapo, kwa hiyo kanuni hii haitakupa ukingo (ule umbali tunaouruhusu juu au chini ya kitovu) mwembamba kupita kiasi. Majaribio yakiongezeka mara 100, ukingo unaongezeka mara 10 tu. Ndiyo maana ukiugawa kwa jumla ya majaribio unasinyaa.

Tukiwa na kanuni hii, tunaweza kurudi kwa wote tuliowaacha njiani. Jozi 400 za sarafu: kipeuo ni 20, hivyo robo tatu inaruhusu 280 hadi 320. Namba 296 imo. Theluthi mbili ingeruhusu 247 hadi 287, na 296 iko nje. Mendel: kipeuo cha 7,324 ni karibu 86, na yeye alipishana kwa 19 tu, kwa hiyo robo tatu inasimama. Weldon: kipeuo cha 315,672 ni karibu 562, na tofauti yake ni 1,378, zaidi ya mara mbili ya ukingo. Hiyo si bahati. Dadu zake zilikuwa na kasoro kweli, hata kama hakuna jicho lingeiona. Na ile dadu ya mwanzo kabisa? Kipeuo cha 600 ni kama 24. Jibu kamili la swali lile ni "karibu 200, na sitashangaa nikiona chochote kati ya 176 na 224". Mwanafunzi anayeandika hivyo ameielewa mada kuliko anayeandika 200 na kuipigia mstari.

Mtawanyiko ukikosekana nao huzua maswali. Mwaka 1936 mtakwimu Ronald Fisher aliyapitia majaribio yote ya Mendel kwa pamoja na kuonyesha kwamba matokeo yamesogeleana na utabiri kuliko bahati inavyoruhusu kwa kawaida. Hilo liliibua mjadala mrefu kuhusu namna data zile zilivyokusanywa, ingawa nadharia ya urithi yenyewe imesimama. Wanafunzi watano wakileta kila mmoja vichwa 50 kamili kati ya mirusho 100, mwalimu ana sababu nzuri ya kuuliza kama sarafu zilirushwa kweli.

Kuna kosa jingine linalozaliwa hapahapa. Mtu akisikia kwamba sehemu hurudi kwenye nusu, anadhani sarafu ina deni la kulipa. Usiku wa tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti (kamari ya gurudumu lenye nafasi nyekundu na nyeusi) ulitua kwenye rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na wachezaji walizidi kumwaga fedha kwenye nyekundu wakiamini ni lazima sasa izuke. Walipoteza vibaya. Gurudumu halikumbuki kilichopita. Basi sehemu inarudije kwenye nusu bila kitu cha kuirudisha? Tuseme sarafu imetoa vichwa 10 katika mirusho 10 ya mwanzo. Mirusho 1,000 inayofuata ikatoa vichwa 500, nusu barabara, bila kufidia chochote. Jumla ni 510 kati ya 1,010, karibu asilimia 50.5. Vile vichwa vitano vya ziada havikulipwa na vipo mpaka sasa. Vimemezwa tu na wingi. Kwa sababu hiyohiyo, utabiri wa uwiano unahusu fungu zima la majaribio na haumwambii mtu lolote jipya kuhusu mrusho unaofuata.

Utabiri wa hali ya hewa unasomwa kwa namna hiyo pia. Ukisikia kuna uwezekano wa asilimia 70 wa mvua na mvua isinyeshe, hujapata ushahidi kwamba mtabiri amekosea. Kumpima kunahitaji kukusanya siku zote alizosema asilimia 70 na kuona kama mvua ilinyesha katika siku 7 hivi kati ya kila 10.

Kutoka sampuli kwenda kwa wote

Mpaka sasa tumekuwa tukitabiri majaribio yajayo. Uwiano huohuo hutumika kukadiria kitu kilichopo ambacho hatuwezi kukihesabu chote. Mwanahisabati Pierre-Simon Laplace alifanya hivyo kwa wakazi wa Ufaransa mwaka 1802. Katika maeneo yaliyochaguliwa kutoka wilaya kubwa 30 walihesabiwa watu 2,037,615, na katika maeneo hayohayo kulikuwa na vizazi (watoto waliozaliwa) 215,599 kwa miaka mitatu. Gawa kwa tatu upate vizazi vya mwaka mmoja, kisha gawa watu kwa vizazi: unapata watu 28.35 kwa kila mtoto anayezaliwa ndani ya mwaka. Vizazi vya nchi nzima vilikuwa vikiandikishwa, kwa hiyo ilibaki kuzidisha. Vikichukuliwa kuwa milioni moja kwa mwaka, wakazi wanakuwa zaidi ya milioni 28. Laplace hakuishia kwenye namba hiyo. Alikokotoa pia uwezekano wa kuwa amekosea kwa kiasi kikubwa.

Hapa sharti la nafasi sawa linarudi kwa sura nyingine: kila mtu awe na nafasi sawa ya kuingia kwenye sampuli, yaani lile fungu dogo tunalolihesabu kwa niaba ya wote. Likivunjika, ukubwa wa sampuli hausaidii. Mwaka 1936, jarida la Marekani liitwalo Literary Digest lilituma kadi kwa watu wapatao milioni 10 kuuliza watamchagua nani kuwa rais, na zaidi ya milioni 2 wakajibu. Jarida likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt kwa asilimia 57 kwa 43. Kipeuo cha pili cha milioni 2 ni kama 1,400, ambayo haifiki hata sehemu ya kumi ya asilimia moja ya waliojibu. Kwa kanuni yetu ya mkono utabiri huo ulipaswa kuwa imara kama chuma. Roosevelt alipata karibu asilimia 61 ya kura na kushinda majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa zaidi kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, tena walioamua kurudisha kadi hawakuwa mfano wa walionyamaza. George Gallup, mpimaji wa maoni ya watu, kwa sampuli ndogo zaidi kwa mbali, alitabiri mshindi sahihi. Kipeuo cha pili hupima bahati tu. Hakina habari na upendeleo uliomo ndani ya sampuli.

Nimeuweka mwisho mfano wa samaki kwa kuwa unadai kila kitu kwa pamoja. Ziwa dogo lina samaki wasiojulikana idadi. Unavua 60, unawatia alama isiyowadhuru, unawarudisha, unasubiri wachanganyike. Kisha unavua 80 na kukuta 12 wenye alama. Ikiwa sampuli inafanana na ziwa, basi 12 kwa 80 ni kama 60 kwa wote. 60 mara 80 ni 4,800, gawa kwa 12, samaki ni 400. Njia hii inabeba majina ya Mdenishi C. G. J. Petersen, aliyefanya kazi ya kutia samaki alama mwishoni mwa karne ya 19, na Mmarekani Frederick Lincoln, aliyeitumia mwaka 1930 kukadiria mabata wa porini wa Amerika ya Kaskazini kwa pete za miguuni.

Sasa litikise jibu. Bahati tu ingeweza kukupa wenye alama 9 badala ya 12, na makadirio yangeruka hadi 533. Ingekupa 15, yangeshuka hadi 320. Samaki watatu huku au kule, na ziwa limebadilika hivyo! Alama zikidondoka, au samaki waliokwisha kuvuliwa wakajifunza kuukwepa wavu, wenye alama watakuwa wachache kwenye mvuo wa pili na utahesabu samaki wengi kuliko waliopo. Ukitia alama samaki 120 na kisha kuvua 160, ziwa la samaki 400 litakupa karibu 48 wenye alama. Bahati ikikupeleka mbali kwa samaki watano, wakawa 43 au 53, makadirio yatakuwa karibu 447 au 362. Ukingo umepungua kwa zaidi ya nusu, kwa uvuvi mara mbili tu. Ila alama zinazodondoka zitaendelea kukudanganya kwa kiasi kilekile, uvue samaki wangapi.